Kazi ya Watu Wawili

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Jogoo wa jirani aliwika jua likiwa limeshachomoza, kwa maana hakuwahi kuijua kazi yake. Mama alianika nguo. Redio ya nyumba ya pili ilitangaza bei ya vitu ambavyo hakuna mtaani aliyekuwa na haja navyo. Mambo ya asubuhi ile yamesimuliwa mtaa mzima, kila mdomo ukitia chumvi yake, lakini hapa yanasimuliwa kama alivyoyaona binti aliyekuwepo, tena binti asiyeamini kitu ovyo ovyo.

Baba yake ndiye aliyemwita Mbishi, tangu siku alipokataa kunywa dawa ya kikohozi mpaka aelezwe kwanza ikishamezwa inakwenda wapi. Jina likamganda. Chuoni alikuwa nahodha wa timu ya midahalo, na waliowahi kusimama upande wa pili wa ukumbi walisema ni heri ubishane na mvua. Asubuhi ile alikuwa amevaa ovaroli ya baba yake, mikono ameikunja mara kadhaa, na anabishana na jirani yao, fundi wa magari aliyekuwa amechungulia kutoka juu ya ukuta.

"Mimi siogopi, binti yangu," alisema Fundi Grisi huku akimpitishia jeki. "Ni mgongo tu unaniuma."

"Jana ulikuwa unacheza mpira."

"Ndio huo mpira ulioniumiza."

"Sasa si uje usimame tu, unitazame?"

Fundi Grisi alilitazama lori lililoegeshwa katikati ya ua. Utani ukamwisha. "Chukua jeki, chukua na spana zote. Hata usipozirudisha sikudai." Akashuka upande wake wa ukuta, na Mbishi akamsikia akifunga mlango wa nyumba yake kwa komeo, mchana kweupe.

Lori lile lilikuwa la baba yake. Madereva wenzake walimwita Kona, kwa sababu hakukuwa na kona iliyowahi kumshinda, mpaka ilipopatikana moja. Ilikuwa kona ya kushoto, kwenye mteremko, mchana, barabara kavu. Dereva aliyekuwa nyuma yake alisimulia msibani kwamba alimwona Kona ameinuka kwenye kiti, anauvuta usukani kwa mwili wote kama mtu anayesukuma ukuta, na lori halikugeuka hata kidogo. Liliacha barabara polepole, kama linalokwenda kulala. Likaegemea tuta la udongo. Mlango ukafunguka, na Kona akaanguka nje kichwa chini, akafa papo hapo, mara ya mwisho kutoka ndani ya lori lake. Lori lenyewe lilivunjika taa moja tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Dereva hodari, barabara kavu, lori zima, na mtu amekufa? Kuna mkono wa mtu. Na wakishasema kuna mkono wa mtu, huwa hawaendi mbali kuutafuta. Wanautafuta jikoni, kwa mwanamke aliyempikia marehemu, aliyemfulia, aliyemngoja kwa miaka yote ile ya safari. Mjane hushtakiwa matanga hayajaanuliwa, naye akilia sana anajifanya, asipolia ana moyo wa jiwe. Mtu akiuliza ushahidi uko wapi anaambiwa mambo haya hayana ushahidi, kana kwamba hiyo ndiyo sifa yake.

Aliyetamka kwanza alikuwa Bibi, mama yake Kona, aliyeishi nao chumba cha uani. "Mwanangu hakufa," alisema. "Mwanangu ameliwa. Na aliyemla walilala kitanda kimoja." Alipokwisha kusema hivyo, Baba Mkubwa, kaka yake Kona, akayadaka maneno. Baba Mkubwa alikuwa na tabia ya kuanza kila jambo na "kwa kifupi", kisha watu wakapitiwa na usingizi. Lakini safari hii alifupisha kweli. Kwa kifupi, kikao cha ukoo kingekaa kesho yake mchana pale sebuleni, na Mama angeondoka kabla jua halijazama, na mabegi yake. Nyumba na lori vingebaki kwa ukoo.

Mama hakujitetea. Alikuwa ameshakunja nguo zake. Zile alizozianika asubuhi zilikuwa za Bibi.

Mbishi hakulala usiku kucha akitunga hoja, na zote akazitupa isipokuwa moja. Uchawi hauna mpira wala pampu, lakini lori linavyo. Usukani uliogoma umegoma kwa sababu, na sababu hiyo iko ndani ya mafuta yanayoulegeza. Angeyamwaga yote kwenye beseni jeupe, ayabebe mpaka katikati ya kikao, ayaweke mezani, kisha aseme: mkono wa mtu mnaoutafuta, huu hapa.

Maskini, hakujua alivyokuwa amekaribia.

Kazi yenyewe aliijua tangu akiwa mtoto. Kila alipofunga shule, yeye na baba yake walibadilisha mafuta ya usukani hapo hapo uani. Waliinua tairi za mbele zikae hewani juu ya magogo. Walichomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye kijitangi chake, wakaupeleka kwenye beseni, na tundu lililobaki wakaliziba. Baba alisimama juu ya bampa, boneti imefunuka, anamimina mafuta mapya. Mbishi alikaa ndani, anazungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, mafuta machafu yanasukumwa nje. Boneti ya lori lile ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Ikifunuka, aliye kwenye bampa hamwoni aliye kwenye kiti. Basi Baba aliongea kwa spana. Akigonga bodi mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Mara tatu, acha, nyoosha tairi, kazi imekwisha, shuka tukanawe.

"Wewe sikiliza spana," alikuwa akimwambia. "Maneno ya watu waachie watu."

Likizo iliyopita Mbishi hakurudi. Kulikuwa na mashindano ya midahalo. Alipiga simu kuomba radhi, na Baba akacheka. "Nenda kabishane, mwanangu. Hii kazi ni ya watu wawili. Nitakungoja." Na hakumwita fundi wala jirani. Alimngoja na mafuta yale yale, akapanda nayo safari, akateremka nayo ule mteremko.

Sasa alikuwa peke yake. Aliinua tairi, akaweka magogo, akachomoa mpira. Alipofungua kifuniko cha kijitangi, harufu ya kuungua ilimpiga usoni. Alipanda kwenye kiti, akazungusha usukani kushoto, kulia, akashuka, akapanda bampa, akaongeza mafuta, akashuka tena. Usukani ulikuwa mgumu kama umefungwa kamba. Mafuta yaliyodondoka kwenye beseni yalikuwa meusi tii, ilhali mapya aliyokuwa akiyamimina yalikuwa mekundu. Ndani ya ule weusi mlikuwa na chembechembe. Aliziminya kwa vidole. Mchanga. Mchanga unafanya nini ndani ya mafuta ya usukani?

Alichoka kupanda na kushuka. Alisimama juu ya bampa, kidumu cha mafuta mkono mmoja na spana mkono wa pili, jasho linamtoka, machozi yamekaa karibu. Na bila kufikiri, kama mtu anavyoita jina la aliyezoea kumwita, akagonga bodi.

Mara moja.

Tairi zikageuka kushoto.

Zilikwenda taratibu mpaka mwisho. Chini, kwenye beseni, mafuta yakachuruzika.

"Mama, ahsante," alisema Mbishi kwa sauti, akimimina. "Mikono yangu ilikuwa imeshakufa."

Akagonga mara mbili. Tairi zikaenda kulia, kwa utulivu ule ule wa mtu anayeijua kazi.

"Mama, umejifunza lini?"

"Nimejifunza nini?" alijibu Mama.

Sauti ilitoka nyuma yake. Mama alikuwa kwenye kamba ya nguo, upande mwingine kabisa wa ua, ameshika gauni la Bibi lililolowa.

Mbishi hakugeuka. Aliitazama boneti iliyosimama mbele yake kama ukuta. "Mama," alinong'ona, "nani yuko ndani ya gari?"

"Nani atalikaribia gari hilo, mwanangu?"

Pale boneti inapokutana na kioo pana uwazi mwembamba. Mbishi aliinama, akalaza shavu kwenye chuma chenye joto. Akachungulia.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini sponji yake ilikuwa imebonyea.

Mtu mwingine angekimbia. Mbishi naye alitaka. Miguu ndiyo iliyokataa, kisha moyo ukaungana nayo, kwa sababu woga ni kitu kimoja na kumkosa baba ni kingine, na cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Aliinua spana. Ikagonga bodi kabla hajaamua.

Moja.

Usukani ulizunguka kushoto. Hakuna aliyeushika. Lakini ulizunguka kwa vipande, kama mikono miwili inavyopokezana, ule mtindo wa Kona, wa kushika, kuvuta na kupokea.

"Baba," alisema.

Baba yake hakuwahi kujibu maneno wakati wa kazi.

Wakafanya kazi. Yeye alimimina, akagonga. Moja. Mbili. Moja. Mama aliangusha gauni matopeni na kukaa chini, mkono mdomoni. Redio ya jirani iliendelea. Jua lilikuwa utosini, ua ulikuwa mweupe kwa mwanga, na pale katikati tairi ziligeuka huku na huku juu ya magogo kama kichwa cha mtu anayekataa jambo.

Kisha mafuta yakakoma.

Beseni likanyamaza. Mbishi alitazama ndani ya kijitangi. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Aliyoyamimina hayakushuka. Akagonga mara moja.

Usukani ukaenda kidogo. Ukakwama.

Ukaanza kutetemeka.

Alichungulia uwazi. Usukani ulikuwa unavutwa. Ulitikisika wote, na kiti kikalia, na sponji ikapanda kama aliyekalia ameinuka. Ameinuka kuvuta kwa mwili mzima. Kama mtu anayesukuma ukuta.

"Baba, acha."

Hakuacha. Kushoto. Kushoto. Bodi yote ikatikisika. Kona ilikuwa ya kushoto.

"Baba, ngoja! Ngoja nione!"

Alichomoa koleo la kubania mfukoni mwa ovaroli, akalitia ndani ya kijitangi, mkono mpaka kifundo. Chini kabisa, penye tundu linalopeleka mafuta kwenye pampu, koleo lilikutana na kitu laini. Alikibana. Kilikataa. Akavuta, na kitu kikatoka kama kizibo, na kijitangi kikagugumia, mafuta mekundu yakashuka yote kwa mkupuo.

Na usukani ukalegea. Ukazunguka kushoto, laini kama maji, ukapita pale ulipokuwa umegoma, ukaenda mpaka mwisho. Ile kona ambayo haikukatwa, ikakatwa. Kutoka ndani, kwenye kiti kile kitupu, Mbishi alisikia mtu akishusha pumzi.

Kwenye koleo palining'inia kifurushi kidogo cha kitambaa. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi pande zote, na upande mmoja umefumuka. Humo ndimo mlimotoka mchanga, na majivu, na vijiti vilivyosagwa. Mbishi alijua ni nini. Mtaani nani asiyejua? Ilikuwa kinga, dawa ya kumlinda msafiri. Alikifuta kwa kidole. Kitambaa kilikuwa cha samawati iliyopauka, na kifungo kimoja cha rangi ya kahawia kisichofanana na nguo.

Kifungo hicho alikuwa amekiona. Bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku shati la kwanza la shule la Baba, ambalo aliwatolea wajukuu kila sikukuu wacheke udogo wake. Shati lilikuwa na vifungo vya samawati, na kimoja cha kahawia kwenye mfuko. Mara ya mwisho alipolitoa, mfuko haukuwepo. Walimwuliza. Alisema panya.

"Acha gari la mwanangu!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha uani, fimbo mkononi. Alikuja akikokota mguu, anatukana, anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, anasema hata maiti ya gari hawaiachi. Kisha akaona kilichokuwa kwenye koleo. Fimbo ikamtoka.

Hoja zote ambazo Mbishi aliziandaa usiku zilikuwa tayari kinywani, zimepangwa, zimenolewa. Alifungua mdomo. Ikatoka moja tu, tena ndogo.

"Bibi. Ulikitia wewe?"

Bibi alikitazama kile kifungo.

"Niliota ajali," alinong'ona. "Mganga akasema, kiweke panapomgeuza na shari. Mimi nitapajua wapi? Nikamuuliza mwenyewe. Alikuwa hapo hapo ulipo, anafuta vumbi. Nikamwambia, hiki kikopo ni cha nini, mwanangu? Akaniambia, Mama, hiki ndicho kinachonikatia kona."

Akainamia fimbo yake, akaiacha pale pale.

"Akaenda kuoga. Nikafungua."

Mama alikuwa ameshanyanyuka, ameweka mkono ukutani. Mbishi alijaribu kumchukia Bibi. Alijaribu kwa nguvu, maana haki ilikuwa upande wake, na alizoea kuipenda haki. Lakini mbele yake alikuwa na kikongwe ambaye kidole chake cha mwisho kilipinda tangu kilipobanwa na mlango wa lori lile lile, siku Kona alipolileta nyumbani na yeye akang'ang'ania kuwa wa kwanza kuufungua.

Tairi zikasogea. Kidogo tu, kuelekea aliposimama Bibi.

Bibi hakupiga kelele. Alitazama tairi, kisha kioo, kisha kiti. "Yumo?" aliuliza.

"Yumo."

"Unamwitaje?"

Kabla Mbishi hajajibu, Bibi alikuwa ameshamnyang'anya spana. Hakujua ishara zao. Aligonga kama mtu apigaye hodi kwenye mlango uliofungwa, moja, mbili, moja, bila mpango, na usukani ukahangaika, kushoto, kulia, kushoto, na tairi zikarukaruka hewani kama mtoto anayeitwa na watu wawili. "Mwanangu, nisamehe. Mwanangu, nilitaka urudi. Nilitaka urudi tu."

Mbishi alimdaka mkono. "Bibi, taratibu! Ukigonga tatu anaondoka."

Mkono wa Bibi ukaganda hewani. Alimtazama mjukuu wake.

"Ukigonga tatu ni kwamba kazi imekwisha," alisema Mbishi. "Anashuka."

Bibi alishusha spana polepole, akaikumbatia kifuani, mafuta na yote. "Basi hakuna wa kugonga tatu," alisema. "Si wewe, si mimi."

Na Mbishi, ambaye hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza, hakupinga.

Kikao kilikaa mchana ule kama kilivyopangwa. Baba Mkubwa alisema kwa kifupi, akakohoa, akasema mabegi ya mjane yako tayari na ukoo umeamua. Mbishi alikuwa amekaa pembeni, beseni liko miguuni pake, limefunikwa. Kifurushi kilikuwa mfukoni mwake. Angekitoa, mama yake angebaki na Bibi angekwisha. Asipokitoa, ingekuwa kinyume chake. Alikuwa ameshinda mdahalo wa maisha yake, na hakuweza kuinuka kwenye kiti.

Mlango ukafunguliwa. Bibi aliingia bila fimbo, akishikilia migongo ya viti vya watu. Alifika mbele, akainua mkono wake wa kulia. Alikuwa ameuchovya kwenye beseni kule uani; ulikuwa mweusi kwa mafuta mpaka kiwikoni.

"Mlisema kuna mkono wa mtu," alisema. "Upo. Ni huu."

Akasimulia yote. Alipomaliza, Baba Mkubwa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kifupi wala la kirefu. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakitazama viatu vyao. Walioapa kwamba walimwona mjane akitembea uchi alfajiri walikumbuka kuwa wameacha vyungu motoni. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Wangemwomba vipi, na hawakuwahi kumwona kuwa mtu?

Mama alisubiri wamalize kutoka. Kisha akaleta maji ya moto na sabuni, akapiga magoti, akaanza kumwosha Bibi ule mkono. Aliusugua kidole kimoja kimoja. Bibi alilia. Mama hakusema nimekusamehe wala sikusamehe. Alisema tu, "Inua kiwiko."

Kuanzia siku ile, kila asubuhi Bibi alitoka na spana. Alisimama kwenye bampa kwa shida, Mama akimshika kiuno, akagonga moja. Akangoja. Akagonga mbili. Akamweleza mwanawe habari za nyumbani, nani kaoa, mvua imekawia, jogoo wa jirani kachinjwa hatimaye. Kisha akarudi ndani. Majirani walihamisha njia. Fundi Grisi alipandisha ukuta wake. Mbishi alirudi chuoni, na tairi za lori zikabaki hewani juu ya magogo, na mpira umerudishwa mahali pake. Usiku, bwenini, alikuwa akishtuka usingizini mikono yake ikigonga ubao wa kitanda. Ilikuwa inaishia mbili kila mara.

Alijua walichokuwa wanafanya. Walimweka mtu kazini ambaye zamu yake imekwisha. Lakini nani anaweza kumwambia baba yake, shuka, nenda?

Simu ya Mama ilimkuta maktaba. "Rudi nyumbani, mwanangu," alisema. "Bibi amekwenda."

Mama alimsimulia baada ya maziko, wawili hao wamekaa jikoni, taa haijawashwa bado. Bibi aliamka hawezi kunyanyuka. Aliitaka spana, akapewa, akaiweka chini ya mto. Alisikitika kwamba leo mwanawe atangoja bure. Mama alikuwa akimnywesha maji ndipo waliposikia, kutoka uani.

Moja.

Kimya.

Mbili.

"Nikasema ni watoto," alinong'ona Mama. "Lakini Bibi alinishika mkono. Alikuwa anasikiliza. Halafu zikaja tatu, Mbishi. Zimeachana vizuri. Tatu. Akasema, 'Haya, mwanangu, tukanawe.' Nikamuuliza, Mama, unasema nini? Hakujibu tena."

Mbishi aliinuka. Ufunguo wa lori ulikuwa umefungwa kwenye pindo la nguo ya Mama, haujatoka hapo tangu siku ya kikao. Mama akaufungua, naye akatoka nao kwenda uani. Spana aliiacha ilipokuwa, chini ya mto wa marehemu.

Tairi za mbele zilikuwa zimenyooka.

Alilizunguka lori mpaka upande wa dereva. Milango ilikuwa imefungwa, vioo viko juu, vumbi la wiki nyingi limelala. Kwenye bati la mlango, chini ya kioo, palikuwa na vinundu vitatu ambavyo havikuwepo. Alivipapasa. Bati lilikuwa limetuna kuja nje. Aliyegonga aligonga kutoka ndani.

Akafungua. Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya sabuni.

Sponji ya kiti ilikuwa imejaa tena, imeinuka kama kiti kisichokaliwa na mtu. Mbishi alikitazama mpaka macho yakajaa. Aliita mara moja, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza lori lile lilikuwa lori tu.

Ndipo alipouona usukani. Upande wa kushoto palikuwa na alama ya kiganja, kubwa, pana, imechapwa kwa mafuta mekundu. Upande wa kulia palikuwa na nyingine, ndogo. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, na cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Aligusa ile ndogo kwa ncha ya kidole. Mafuta yalikuwa bado na joto.